Kabuti la Kaporali

Kijijini kwetu, upande wa Luberizi, palikuwa na kabuti moja la jeshi, na karibu kila mwanamume mzima aliwahi kulivaa. Aliyelivaa mara chache kuliko wote ni mwenyewe.

Tulimwita Kaporali. Jina la ubatizo alikuwa nalo, na jina la kwao pia, lakini hata padri alimwita Kaporali. Alikuwa mfupi, miguu imepinda kidogo kama ya mtu aliyebeba mizigo mizito kabla hajamaliza kukua, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko kifua kilichoitoa. Kila asubuhi alinyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo alichokipachika kwenye mpapai. Alikwenda vitani Abisinia na jeshi la Wabelgiji, akarudi mzima, na kabuti zito la rangi ya majani makavu, na medali moja ya shaba iliyoshonwa kifuani mwa kabuti hilo. Bonde la Ruzizi ni joto hata wakati wa mvua, kwa hiyo watu walijiuliza atalivaa lini. Jibu lilipatikana upesi, na mimi mpaka leo jibu hilo linanikera.

Ilijulikana kwamba mtu mwenye medali hapigwi fimbo. Sijui kama ilikuwa sheria au mazoea ya ofisi tu. Nimewauliza makarani wawili, kila mmoja akanijibu lake. Lakini kijiji kiliamini, na kilikuwa na sababu ya kutaka kuamini. Kila nyumba ilikuwa na kipande cha shamba kilichopimwa kwa kamba na watu wa agronomu, bwana shamba wa serikali, ukanda mrefu kando ya ukanda wa jirani, na sehemu yake lazima iwe pamba. Pamba ikiliwa na wadudu, kosa ni lako. Magugu yakionekana, kosa ni lako. Aliyeitwa kwa ajili ya pamba alirudi nyumbani akalala kifudifudi, na mkewe akachemsha maji ya chumvi.

Basi mtu wa kwanza akaja mlangoni kwa Kaporali kuomba kabuti. Kaporali akamvalisha, akamfunga vifungo kwa mikono yake, akamgeuza huku na huku kama mshonaji. Mtu yule akaenda ofisini akarudi hajaguswa. Kuanzia hapo maombi hayakwisha.

"Kaporali, minye naitwa kesho."

"Juu ya nini?"

"Pamba."

"Chukua, iko nyuma ya mulango. Lakini usilale nayo, itakunjamana."

Hilo ndilo sharti pekee alilowahi kuwawekea. Warefu walilivaa, mikono ikatokeza mpaka kwenye viwiko. Wembamba walizama ndani yake. Mzee mmoja ambaye hajawahi kuvuka mto Ruzizi alilivaa akasimama mbele ya agronomu akiwa na medali ya Abisinia kifuani. Mama yangu alisema, "Bazungu banafikiri kijiji hiki kilipigana peke yake, bengine bote balikuwa banaangalia." Watu walicheka. Mimi sikucheka. Mimi ni mtu ambaye akiona kamba imefungwa vizuri anaanza kuwaza itakatikia wapi.

Askari huyu hakuweza kuchinja kuku. Nalisema mapema kwa sababu wageni walikuwa hawaamini. Akipata mgeni wa heshima, alimshika kuku vizuri, akamtuliza kwapani, akavuka njia mpaka kwa Mama Felista, mke wa jirani yake Bigirimana, akamkabidhi akitazama milimani. "Nisaidie, dada. Uyu iko nanijua." Mama Felista alikuwa akimkata kuku huku akimcheka kwa sauti, akimwuliza kama kule vitani nako walikuwa wakivuka njia kwenda kwa jirani. Kaporali alicheka pamoja naye, lakini hakugeuza uso mpaka kuku aache kupigapiga mabawa.

Vita vyake tulivijua kwa njia ya chakula. Ungemwuliza kuhusu bunduki, angekujibu kuhusu nyumbu waliokataa kupanda mlima. Ungemwuliza kuhusu adui, angekueleza jinsi baridi inavyoifanya sufuria ikatae kuchemka. Hadithi yake kubwa ilikuwa ya maharage. Walikaa juu mlimani siku nyingi, mvua ya baridi inanyesha, na waliokuwa wakipandisha chumvi hawakufika. Walikula maharage bila chumvi asubuhi na jioni, mpaka wanaume wakubwa wakatokwa na machozi, si kwa woga bali kwa maharage. Jeshini walikuwa wakisema Kilingala, na kila alipoketi kula kwetu, Mama akiweka sahani mbele yake, aliinua mkono akapaza sauti: "Madesu, mungwa te!" Maharage, hamna chumvi! Mama alijifanya amekasirika: "Chumvi iko, muzee, onja kwanza!" Mchezo ule ulirudiwa mara nyingi kiasi kwamba hata watoto wa Bigirimana waliposhika sahani zao walipiga kelele hiyo hiyo bila kujua maana yake. Mfukoni alibeba daima chumvi kidogo iliyofungwa kwenye jani la mgomba kavu. Nayo aliigawa.

Alikuwa na neno lake. Watu wakigombana mferejini juu ya zamu ya maji, wakifokeana sokoni, mume akimfukuza mke mpaka njiani, Kaporali alikuja kwa mwendo wake wa haraka, akasimama katikati, akauliza kama mtu anayetaka kujua kweli: "Iko vita?"

Halafu alingoja. Alitaka jibu. Na kwa kuwa mtu hawezi kusema mbele ya askari aliyerudi kutoka vitani kwamba ugomvi wa jembe ni vita, walinyamaza. Nimejaribu kulitumia neno hilo darasani, mimi mwalimu mwenye diploma kutoka shule ya misioni, na wanafunzi wamenitazama tu.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mpole kila saa. Sufuria chafu ilimtia wazimu. Aliingia jikoni kwa watu, akainua sufuria, akainusa, akapiga kelele kwamba sufuria mbaya imeua askari wengi kuliko risasi. Alikuwa mwongo pia, mwongo mkubwa, ila hakuwahi kujidanganyia yeye mwenyewe. Aliwadanganyia wengine, kisha Jumamosi akaenda kuungama, na wiki iliyofuata akadanganya tena. Wala wema wake haukuwa bure. Mke wake alirudi kwao Lubarika baada ya mbuzi wa tatu kutoka nyumbani kwenda kwa mtu mwenye shida. Nilikuwepo siku alipofunga mzigo wake. Hakulia, alisema tu kwa uchovu, "Nimeolewa na mulango wazi." Kaporali alimbebea mzigo mpaka barabara ya Bukavu, akamsimamishia lori, akampa na ile chumvi ya mfukoni. Halafu akarudi kupalilia shamba la jirani. Ningetaka mtu anieleze kama huo ni wema au ni ugonjwa. Nimelifikiria sana jambo hili, zaidi ya linavyostahili, na sijapata pa kulikata.

Mimi aliniita Mesiye Dipulome.

"Mesiye Dipulome, leo unawaza nini?"

"Siwazi kitu, Kaporali."

"Weye iko nawaza. Masikio imesimama."

Alijua nilikuwa nangoja kupewa kazi ya kufundisha Uvira mjini, nami nikifundisha Luvungi, si mbali na kwetu, kwa muda tu. Alijua kwamba kila lori likipita nilidhani limebeba jibu langu, na likisimama nilidhani jibu ni baya. Aliponiona katika hali hiyo alinipa kazi ya mikono, kumenya mihogo au kushika ncha ya kamba. Ilisaidia kidogo. Nilimpenda, nadhani ndiyo sababu nilikuwa wa kwanza kukasirika.

Mwaka ule mvua zilikuja vibaya, na magugu yakashinda pamba. Bigirimana alikuwa ameugua homa wakati wa kupalilia. Kaporali aliacha shamba lake, akavuka mpaka, akapalilia la Bigirimana, na kwa kuwa alikuwa na mikono miwili tu kama watu wote, mashamba yote mawili yakawa mabaya. Ikatangazwa kwamba Bwana Mkubwa wa teritwari, mkuu wa wilaya yote, atapita mwenyewe pamoja na agronomu kuyakagua. Asubuhi na mapema Bigirimana akaja kuazima kabuti. Alikuwa amewahi kupigwa fimbo miaka ya nyuma na tangu hapo kila akisikia lori aliingia ndani akafunga mlango. Kaporali alimfunga vifungo.

Sikuwepo. Nilikuwa darasani Luvungi. Ninayoyaandika hapa nimeyapata kwa Mama Felista, na siku hiyo hakucheka aliponisimulia.

Watu wenye pamba mbaya walipangwa mstari kando ya njia. Bwana Mkubwa hakuja na fimbo. Alikuja na neno jingine ambalo hakuna aliyelitarajia. Alisema waliozembea watanyang'anywa vipande vyao, vitapewa watu wengine wanaosubiri ardhi. Kisha akauliza: "Nani hapa alikuwa askari vitani? Askari atabaki na shamba lake."

Macho ya watu yalikwenda kwa Kaporali, aliyekuwa amesimama na fulana yake iliyotoboka, lakini Bwana Mkubwa hakufuata macho ya watu. Alifuata shaba iliyong'aa. Akasimama mbele ya Bigirimana.

"Wewe?"

Angesema ndiyo, angekuwa mwizi wa shamba la jirani yake. Angesema hapana, angeulizwa medali ya serikali inafanya nini kifuani mwake, na hilo lilikuwa neno la kwenda gerezani. Mama Felista aliniambia alimwona mumewe akianza kutetemeka ndani ya lile kabuti, vifungo vikicheza.

Kaporali akasema, "Ni yeye, bwana. Anaona haya tu."

Ndivyo Bigirimana alivyokuwa askari, na Kaporali akawa mtu asiye na shamba.

Nilipanda baiskeli jioni ile ile. Nilimkuta akifunga vyombo vyake kwenye mkeka, amepanga sufuria ndogo ndani ya kubwa kwa unadhifu ulionifanya nitake kuzipiga teke.

"Kaporali, twende kwa Bwana Mkubwa. Sasa hivi. Mimi nitasema kwa Kifaransa."

"Utasema nini?"

"Ukweli! Kwamba askari ni wewe!"

"Na uyu wa kabuti?"

"Huyo... huyo atasema kwamba..."

"Basi ona," alisema. "Uko na Kifaransa mingi, lakini iko nakwama pale pale."

"Watu wote wanajua. Watashuhudia."

"Batu bote balivaa kabuti, Mesiye Dipulome. Ukianza kuvuta uzi moja, utavua kijiji nguo." Alikunja mkeka. Kisha akaniangalia usoni, nadhani niliogopesha, maana niliona anataka kucheka na anajizuia. "Iko vita?"

"Iko!" nilimfokea. "Leo iko! Na umeshindwa hata hujapigana!"

"Nimezoea," alisema. "Hata kule tulianza na kukimbia."

Akanionya kwamba nikienda peke yangu atanikana. Atasema mwalimu alikunywa pombe ya ndizi akachanganyikiwa. Nilijua angeweza. Angeungama Jumamosi.

Wiki zile nilitafuta njia. Nilizilaza akilini moja baada ya nyingine kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli la nyumba ya mwingine. Nikimwambia agronomu, Bigirimana anafungwa, Mama Felista anabaki na watoto na hana shamba. Nikimwambia padri, padri atamwambia nani? Nikimshawishi Bigirimana aende mwenyewe, je, kuna mwanamume anayekwenda mwenyewe? Nilimwendea hata hivyo. Alikaa mbele yangu, akatazama miguu yake, akasema, "Mwalimu, kila siku naamka nikisema leo nitaenda." Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira naye, na huku nikijua kwamba alikuwa amesema kweli. Nilitaka haki irudi mahali pake bila mtu yeyote kuumia. Inaonekana haki ya namna hiyo haitolewi ofisini.

Kaporali alihamia Uvira, kando ya ziwa. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu, ambaye babu zake walikuja na biashara ya ziwa zamani, alimpa chumba nyuma ya nyumba yake, naye akalinda ndagala, wale dagaa wa ziwa, waliotandazwa juani mchangani. Aliwafukuza kunguru kwa filimbi ya jeshi. Mwezi wa Ramadhani ulipofika, Mkatoliki yule alifunga pamoja na wenye nyumba kwa sababu, alisema, si vizuri kutafuna mbele ya mtu mwenye njaa. Wanawake wa ndagala walimpenda mara moja. Baada ya muda mfupi chumba chake kilikuwa na kitanda cha mtu mwingine, na yeye alilala kwenye mkeka. Sikuuliza ni kitanda cha nani. Nilikuwa nimechoka kuuliza.

Kijijini, Bigirimana alianza kubadilika, na hilo ndilo lililonitesa zaidi. Mwanzoni alilificha kabuti. Baadaye watu wa vijiji vya mbali, ambao hawakujua, wakaanza kumwita Kaporali, naye akaanza kuitika. Siku moja nilimkuta penye pombe akisimulia jinsi walivyopanda mlima Abisinia na ngamia.

"Nyumbu," nilisema.

"Ndiyo, nyumbu," alisema, na akaniangalia kama mbwa aliyekamatwa na nyama, nami nikanyamaza tena, kwa sababu watoto wake walikuwa wamekaa pale, na walikuwa wanamtazama baba yao kwa fahari.

Nilipomweleza Kaporali jambo hilo alifikiri kidogo, akasema, "Kweli, ngamia hatukuwa nao. Umwambie pia mvua ilikuwa inatoka kushoto."

Kisha ikaja siku ya wazee wa vita. Kila mwaka, mjini Uvira, waliopigana walitembea mbele ya bendera, wakakaguliwa. Bigirimana naye akaitwa, kwa sababu ofisini sasa alikuwa askari. Hakuwa na pa kukimbilia. Alikuja mjini siku chache kabla, akiwa na kabuti kwenye furushi, akaenda moja kwa moja mchangani kwa Kaporali.

Nilikuwa Uvira nikingoja habari za kazi yangu, kwa hiyo niliyaona mafunzo yale. Ziwa lilikuwa limetulia, milima ya Burundi inaonekana ng'ambo, ndagala wanang'aa juu ya mchanga, na Kaporali akitembea kinyumenyume mbele ya jirani yake, akihesabu moja, mbili kwa Kilingala cha jeshini.

"Moko, mibale! Moko, mibale! Mukono na muguu, hapana mukono na mukono!"

"Kaporali," mwanamke mmoja aliita, "askari yako anatembea kama bata wa mimba!"

"Ataweza, mama. Hata minye nilianza bata."

Alimfundisha kusimama. Alimfundisha kupiga saluti. Alimfundisha majibu kwa Kilingala, maana ilisemekana Bwana Mkubwa mpya alikaa na askari miaka mingi na hupenda kuwasemesha kwa lugha yao. Akiuliza u hali gani, jibu: *Nazali malamu, mokonzi*, yaani niko mzima, bwana. Akiuliza ulipigana wapi, jibu: *Na Abisini, mokonzi.* Bigirimana aliyarudia kama mtoto wa katekisimu, jasho likimtiririka.

Nilimvuta Kaporali pembeni. "Unajua unafanya nini? Unamfundisha mtu kukuibia vizuri zaidi."

"Akikosea batamufunga."

"Na wewe?"

Aligeuka akawapigia kunguru filimbi.

Siku yenyewe watu walijaa pande zote mbili za barabara. Kaporali alisimama karibu nami, amevaa shati jeupe lililofuliwa, kidevu kimenyolewa mpaka kinang'aa, miguu mitupu. Wazee wa vita walikuja kwa mistari. Wengine walichechemea, mmoja hakuwa na mkono. Bigirimana alikuwa mwishoni, ndani ya lile kabuti, uso umekauka kama ngozi ya ngoma. Nilitazama chini kwa bahati tu, nikaona miguu ya Kaporali. Ilikuwa inapiga hatua pale pale iliposimama, kwenye vumbi, kushoto na kulia, taratibu, vidole vikiinuka. Nadhani hakujua.

Bwana Mkubwa alipita mstari mzima, akimwuliza kila mtu maneno mawili matatu. Akafika mwisho.

"*Ozali malamu?*"

"*Nazali malamu, mokonzi.*"

"*Obundaki wapi?*"

"*Na Abisini, mokonzi.*"

Nilimsikia Kaporali akishusha pumzi. Lakini Bwana Mkubwa hakuondoka. Jina la Abisinia lilimfurahisha. Akatabasamu, akauliza jambo jingine, la mazungumzo tu: kule walikuwa wakila nini?

Bigirimana alimtazama.

Bwana Mkubwa akarudia polepole zaidi. *Bozalaki kolya nini?*

"*Nazali malamu, mokonzi,*" alisema Bigirimana.

Tabasamu likaondoka. Nami nikaona, kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze, njia niliyoitafuta. Hakuna aliyemshitaki mtu. Hakuna uzi uliovutwa. Uongo ulikuwa unaanguka wenyewe, na baada yake mtu mmoja tu angeulizwa kabuti ni la nani. Shamba, jina, medali, vyote vingeweza kurudi. Nilijua pia Bigirimana angekwenda wapi, sitasema sikujua. Nilimshika Kaporali mkono.

"Nyamaza," nilimwambia. "Sikuombi useme kitu. Mara hii nyamaza tu."

Aliniangalia. Hakuwa anacheka. Nilidhani ataniuliza swali lake, na nilikuwa tayari kulijibu. Hakuuliza. Aliutoa mkono wangu juu ya wake, kwa upole, kama alivyokuwa akimtoa kuku kwapani.

"Madesu, mokonzi!" alipaza sauti. "Madesu, mungwa te!"

Katika ule mstari wa wazee mtu mmoja alicheka kwa nguvu, kisha mwingine, cheko la watu waliokula maharage yale. Bwana Mkubwa aligeuka.

"Nani huyo? Njoo hapa."

Kaporali akatoka katikati ya watu. Hakutembea kama askari. Alilegeza mabega, akaburuta miguu, akaja kama mtu aliyetoka jikoni.

"Ulikuwa askari?"

"Hapana, mokonzi. Nilikuwa mupishi ya uyu. Minye nilipika, yeye alikula. Anaona haya kusema, juu chakula ilikuwa mubaya."

Watu waliangua kicheko. Wanawake wa ndagala walicheka, makarani walicheka, Bwana Mkubwa alicheka mpaka akafuta macho. Watu wa kijiji chetu waliokuja na lori hawakucheka. Mama Felista alikuwa ameuma ncha ya kitenge chake.

"Basi," alisema Bwana Mkubwa kwa Kiswahili, "mpigie kaporali wako saluti, umwombe radhi kwa yale maharage."

Kaporali akageuka, akasimama mbele ya jirani yake. Mabega yakapanda. Ile miguu iliyopinda ikakutana magotini, sijui kwa namna gani. Mkono ukapanda ukasimama, na visigino viwili vitupu vikagongana kwenye vumbi kwa sauti ndogo. Katika mstari, wazee waliokuwa wameanza kulegea wakanyooka bila kuamriwa na mtu. Nimetazama maandamano mengi tangu siku ile. Sijaona saluti nyingine iliyofanana na ile.

Bwana Mkubwa hakuiona. Alikuwa amekwishageuka kwenda kwenye kivuli.

Bigirimana alilia bila sauti, na machozi yalidondoka juu ya medali. Alijua kwamba anapaswa kujibu. Akainua mkono mpaka kwenye paji la uso, nao ulikuwa mkono wa kushoto.

"Ule mwingine, ndugu," alisema Kaporali, midomo haisogei. "Mukono ule mwingine."